Somo: Kubadili taarifa za jina la biashara BRELA

Ulihama Kariakoo ukafungua Mbezi. Laini ya simu uliyoandika wakati wa kusajili ilishafungwa zamani. Mwenzako mliyeanza naye kajitoa, yuko zake Dodoma. Lakini ukifungua daftari la Msajili wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, wewe bado uko Kariakoo na yeye bado ni mwenye biashara pamoja nawe. Msajili hajui yaliyotokea kwako, anajua kilichoandikwa tu, na benki nayo inasoma kilekile.

Leo tutaweka hayo sawa kupitia ORS, mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao ambao BRELA inautumia tangu 2018. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu wanaokwama wengi hawakwami kwenye fomu.

Hatua ya kwanza: jua ufunguo uko kwa nani

Wengi wetu tulisajiliwa na kijana wa steshenari. Ulimpa namba ya NIDA, ukajibu maswali mawili matatu ya kukutambua, ukalipa, ukapewa cheti chako kimechapwa vizuri kwa rangi. Hukuuliza aliandika barua pepe ya nani. Mara nyingi ni yake, pengine na namba ya simu ni yake, kwa kuwa wewe ulisema huna barua pepe. Jina la biashara ni lako, lakini kila ujumbe wa mfumo unaenda kwake, na siku ukisahau nywila, kiunganishi cha kuweka mpya kinaenda kwake pia.

Kama bado anapatikana, kaa naye dakika kumi mbadilishe barua pepe na simu palepale. Kama steshenari ilishageuka duka la vipodozi, wasiliana na BRELA au fika ofisini kwao na kitambulisho chako cha taifa, ueleze kuwa akaunti ni yako na mawasiliano si yako. Usikimbilie kusajili jina jingine kwa hasira. Nimeona mtu ana majina matatu yanayofanana, yote yanadaiwa ada.

Hatua ya pili: linganisha na NIDA

Majina yako ORS hayaandikwi kwa mkono, yanavutwa NIDA kwa ile namba yako ya tarakimu 20. Kwa hiyo kama NIDA wamekuandika "Saidi" na wewe unajiandika "Said", huwezi kurekebisha BRELA. Anzia NIDA, kisha rudi. Vivyo hivyo dada aliyeolewa akabadili jina la ukoo: hati ya kubadili jina kwanza, NIDA ya pili, BRELA ya tatu. Ukiruka mpangilio huo utarudishwa mwanzo.

Hatua ya tatu: jina lako ni la zamani au la sasa?

Majina yaliyosajiliwa kabla ya ORS yalikaa kwenye majalada ya karatasi. Kama lako ni la wakati ule na hujawahi kulihuisha, mfumo hautakuonyesha cha kubadilisha. Utaanza kwa kuingiza taarifa za zamani kama zilivyo kwenye cheti chako, ukiambatisha nakala ya cheti hicho. Ziingize kama zilivyo, hata kama zimepitwa na wakati! Watu huona huu ndio mwanya wa kuweka anwani mpya. Msajili akifungua jalada la karatasi na kuona Kariakoo wakati wewe umeandika Mbezi, anarudisha ombi. Kuhuisha ni kuhamisha kilichokuwepo, kubadili kunafuata baada ya hapo.

Hatua ya nne: jaza mabadiliko

Ingia kwenye akaunti, nenda huduma za majina ya biashara, chagua mabadiliko ya taarifa, kisha chagua jina lako. Badilisha kinachobadilika tu.

Kwenye anwani uwe makini: mkoa, wilaya, kata, mtaa, barabara, namba ya nyumba. Kata nyingi mijini zimegawanywa, kwa hiyo kata uliyoizoea huenda si kata yako tena. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa, watakwambia na postikodi.

Kwenye shughuli za biashara utakutana na orodha ndefu ya namba. Ni uainishaji wa shughuli za kiuchumi wa Umoja wa Mataifa, ISIC. Tafuta iliyo karibu na unachofanya kweli. Ukiongeza shughuli inayohitaji kibali chake, mfano kuuza dawa, kuiandika BRELA hakukupi ruhusa ya kuifanya.

Hatua ya tano: saini, pakia, lipa

Mfumo utakutengenezea fomu. Chapa, saini, skani kurasa zote, pakia. Mimi mwenyewe niliwahi kupakia ukurasa wa kwanza peke yake kwa sababu saini ilikuwa hapo, ombi likarudi na maelezo ya mstari mmoja. Kisha utapata namba ya kumbukumbu ya malipo, ile kontroo namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Lipa kwa simu au benki. Kwenye bili unaweza kukuta na ada ya mwaka ya utunzaji wa jalada kwa miaka ambayo hukulipa. Usishtuke wala usidhani umeibiwa.

Baada ya hapo ingia kwenye akaunti kila siku mbili tatu. Ombi likirudishwa, soma maoni ya afisa, rekebisha alichosema, wasilisha tena. Likikubaliwa, pakua ekstrakti mpya, maana ndiyo inayoonyesha wenye biashara na mahali ilipo. Ukipeleka benki cheti bila ekstrakti utaambiwa urudi.

Halafu peleka mabadiliko hayo TRA kwenye TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, na kwenye leseni. Leseni za kundi B, za biashara za ngazi ya eneo lako, ziko halmashauri, kupitia mfumo wa TAUSI, na za kundi A, za biashara za kitaifa na kimataifa, ziko BRELA. Ofisi hizi ni tofauti, kwa hiyo usitegemee moja iiambie nyingine.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, tulisajili wawili. Mwenzangu kaondoka na hataki kusaini fomu ya kujitoa. Naweza kumtoa mwenyewe?

Hapana kaka, na ushukuru haiwezekani, maana na yeye angeweza kukutoa wewe. Mkae mbele ya mtu mnayemheshimu wote, muandikiane nani anachukua nini na nani analipa madeni gani, kisha asaini. Akigoma kabisa, hilo ni shauri la wakili na mahakama. Wengine huamua kusajili jina jipya na kuanza upya. Inawezekana, ila madeni ya jina la zamani hayakuachi: jina la biashara halina nafsi yake kisheria, mdaiwa ni nyinyi wenyewe.

Shikamoo mwalimu. Baba amefariki, duka lina jina la biashara lililosajiliwa kwake. Nina nywila yake. Naingia tu nibadilishe niweke jina langu?

Marahaba mwanangu, pole sana kwa msiba. Usiingie. Ukisaini kwa jina lake baada ya kufariki umeghushi, hata kama ndugu wote wamekubali. Kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi wa mirathi, mahakama imteue, kisha msimamizi ndiye aende BRELA na barua ya uteuzi na cheti cha kifo. Duka lenyewe ni mali ya mirathi mpaka ligawiwe, hata kama ni wewe uliyekuwa unauza kila siku. Nywila hiyo mkabidhi msimamizi.

Nataka kubadili jina lenyewe, si anwani. Ni hatua hizihizi?

Karibu zote, ila kwanza tafuta kwenye mfumo kama jina unalolitaka halijachukuliwa au halifanani mno na la mtu mwingine. Neno "Limited" huliwezi kwa jina la biashara, hilo ni la kampuni. Pia pigia hesabu kibao, mhuri, mashine ya EFD na akaunti ya benki. Mimi binafsi jina likishajulikana na wateja siligusi.

Nimekua, nataka kuwa kampuni. Nabadilisha wapi?

Hakuna kubadilisha hapo dada. Kampuni inasajiliwa upya kama mtu mpya, na itakuwa na TIN yake yenyewe. Kama unataka itumie jina lako lilelile, andika ridhaa ukiwa mmiliki wa jina, uiambatishe kwenye maombi. Kampuni ikishasimama, ndipo uwasilishe taarifa ya kusitisha jina la biashara.

Mimi niliuza duka 2020, mnunuzi akaweka jina lake. La kwangu nimeliacha tu. Kuna ubaya?

Upo. Kwenye daftari bado unafanya biashara, na ada ya mwaka inaendelea kuhesabiwa. Ingia, lipa inayodaiwa, wasilisha taarifa ya kusitisha, na uhifadhi uthibitisho wake. TRA nao uwaambie, kama hukuwaambia 2020.