Inhibita ya kovalenti inayochagua: kiti kwanza, ndoano baadaye

Wadogo zangu mnaosoma kemia huku Mbeya mmeniuliza sana namna ya kubuni inhibita ya kovalenti inayochagua, yaani molekuli inayozima enzaimu moja kwa kujifunga nayo kwa bondi ya kudumu bila kuigusa enzaimu nyingine, sasa naliandika lote. Kiti ni jinsi molekuli inavyokaa ndani ya enzaimu, ndoano ni kile kipande chake kinachofunga hiyo bondi. Natumia mfano wa MAO-B, enzaimu inayovunja dopamini kwenye ubongo, maana kila ikivunja inaacha hidrojeni peroksaidi, na hiyo ikizidi inaumiza seli.

Hatua ya 1: mjue ndugu yake. MAO-A inafanana nayo kama asilimia 70 hivi, na ukiifunga hiyo kwa bahati mbaya, mgonjwa akila jibini iliyokomaa (ina tairamini, ambayo MAO-A ndo huivunja) presha inaruka vibaya sana. Shusha mafaili 1S2Q (MAO-B) na 2Z5X (MAO-A) kutoka Protein Data Bank (hifadhi ya maumbo ya protini mtandaoni), mie nashusha usiku na bando la usiku, afu yalaze moja juu ya lingine. Angalia namba 199 ya MAO-B, kuna amino asidi isolusini inayofunguka kama mlango, kwa MAO-A pale pale (208) kuna fenilalanini, nene, imeziba. Hapo ndo pa kuchezea.

Hatua ya 2: chora molekuli bila ndoano, ipachike kwenye enzaimu kwa AutoDock Vina (programu ya kompyuta ya kukisia molekuli inakaaje kwenye protini), ikae vizuri yenyewe kwanza. Wengi mnakimbilia ndoano kali, hata mimi nilifanya hivyo, molekuli yangu ya kwanza nikaichanganya na glutathioni ya milimola 5, baada ya lisaa limoja haikubaki kitu, yote imeng'ang'ania glutathioni. Na glutathioni ndo mlinzi wa seli dhidi ya hiyo peroksaidi jamani! Yaani dawa ya kumsaidia mlinzi inaanza kwa kummaliza yeye. Kipimo hiki msikiruke kabisa.

Hatua ya 3: weka ndoano iliyolala. Propagili, ile ndoano ya dawa za Parkinson rasajilini na selejilini, imetulia mpaka flavini (kile kisaidizi kilichomo ndani ya enzaimu) yenyewe iiamshe, ndo inajifunga kwenye nitrojeni yake ya N5. Ila dozi nayo ina neno: selejilini miligramu 10 kwa siku inachagua MAO-B, ukipandisha sana inamshika na ndugu yake.

Hatua ya 4: pima. IC50 (kiwango cha inhibita kinachopunguza kazi ya enzaimu kwa nusu) peke yake inadanganya, inabadilika kadri unavyoviacha enzaimu na inhibita vikae pamoja, kwa hiyo tafuta kinact/KI (inaonyesha kasi na uwezo wa inhibita kuizima enzaimu kabisa). Afu changanya enzaimu na inhibita, subiri, zimua mara 100, weka Amplex Red (kipimo kinachogeuka pinki hidrojeni peroksaidi ikitengenezwa). Kishimo cha kontroli, kisicho na inhibita, kitageuka pinki, cha kwako kama imejifunga kweli kitabaki hivyo hivyo hata ukae lisaa. Rudia na MAO-A, ila huko unataka uione pinki.