Kujiunga na kundi la baiskeli au la kupanda milima Nairobi, hatua kwa hatua

Ukimuuliza aliyeenda mara moja akaacha, atakwambia mlima ulimshinda. Mara nyingi kilichomshinda ni mwendo wa wenzake. Gari moja linaloelekea vilima vya Ngong Jumamosi asubuhi huwa na wanaokimbia nusu marathoni na wasiotembea kilomita mbili tangu Krismasi, na wote wamelipa nauli ileile. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua mwendo wako, ya pili ni kutafuta kundi linaloufuata. Viatu na baiskeli vinakuja baadaye.

Hatua ya 1: Jipime peke yako

Nenda msitu wa Karura. Una hekta 1,041, njia zimewekewa vibao vyenye namba kwenye kila makutano, na baiskeli zina njia zake. Tembea kilomita 10 na uandike muda. Ukimaliza kwa saa mbili au mbili na nusu, na njiani uliweza kusema sentensi nzima bila kuhema katikati, safari za wanaoanza zinakufaa. Kwa baiskeli, zungusha kilomita 20. Saa moja na nusu si mwendo mbaya kwenye njia ya udongo.

Milimani hesabu inabadilika. Kanuni aliyoitoa Mskoti William Naismith mwaka 1892 bado inasaidia: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua mlima Longonot. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta (shimo la volkeno lililo juu) ni kilomita 3.1, kuuzunguka ukingo ni 7.2, halafu 3.1 za kurudi. Jumla ni 13.4, yaani saa mbili na dakika arobaini. Kilele kiko mita 2,776, kama mita 600 juu ya lango, kwa hiyo ongeza saa moja. Ukingo wenyewe nao unapanda na kushuka, na vumbi la majivu ya volkeno hukurudisha nusu hatua kila unapokanyaga. Anayeanza apange saa tano pamoja na mapumziko. Anayekuahidi saa tatu anazungumzia miguu yake.

Hatua ya 2: Uliza kabla ya kutuma pesa

Tangazo lenye picha nzuri na bei bila kilomita si tangazo la safari. Mwandikie kiongozi hivi:

"Habari za jioni, kiongozi. Nataka kujiunga Jumamosi, ni mara yangu ya kwanza. Ni kilomita ngapi, na tunapanda mita ngapi? Walio polepole husubiriwa, na nani hubaki nyuma kabisa? Bei ina kiingilio ndani? Kuna askari wa msitu wa kutusindikiza? Tukichelewa, tunageuza saa ngapi?"

"Usijali, utaweza" si jibu. Jibu zuri lina namba na jina la mtu wa nyuma. Swali la kugeuza ndilo linalompima kiongozi zaidi: Nairobi jua huzama kabla ya saa moja jioni mwaka mzima, na asiye na saa ya kugeuza hajawahi kufikiria kuchelewa. Kuhusu kiingilio, mbuga za taifa kama Longonot na Hell's Gate hazipokei pesa taslimu langoni, kwa hiyo hakikisha kama kundi linakulipia au unalipa mwenyewe kwa simu.

Mkitaja Hell's Gate, uliza pia kama mpango una kuingia korongoni. Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu saba ndani ya korongo hilo. Maji hutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali juu, nawe ulipo unaona jua. Kama kumenyesha juu, baki kwenye baiskeli kule tambarare, kati ya pundamilia na twiga. Hujakosa kitu.

Mwanamke anayeenda na kundi asilolijua aulize bila haya kama kuna wanawake wengine waliothibitisha, na amwachie mtu wa nyumbani jina la kiongozi na namba ya gari.

Hatua ya 3: Mfuko wa mlimani

Maji lita 2 kwa Ngong, lita 3 kwa Longonot, ambako njiani hakuna maji na kivuli ni cha kutafuta. Beba ndizi mbili, viazi vitamu vya kuchemsha, njugu zenye chumvi. Chumvi ina kazi: ukitoka jasho kwa saa nne huku ukinywa maji matupu, utaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu, nawe utadhani unahitaji maji zaidi.

Jaketi la kuzuia upepo ni lazima Ngong hata kama mjini kuna joto. Kile kilele cha mita 2,460 hakina miti ya kukukinga, na mitambo ya umeme wa upepo haikujengwa pale kwa bahati. Fulana ya pamba iache nyumbani. Ikilowa jasho hukaa baridi mgongoni hadi jioni.

Viatu viwe na meno na viwe vimezoea mguu wako. Kata kucha siku mbili kabla. Kabla ya kuanza kushuka, fungua kamba, gonga kisigino chini hadi kikae nyuma kabisa, kisha kaza kuanzia vidoleni kuja juu, na sehemu ya kifundo ikazwe zaidi. Mguu ukiteleza mbele ndani ya kiatu, vidole vinagonga kila hatua, na kucha ya kidole gumba itakuwa nyeusi kabla hujafika langoni. Wengi hulaumu kiatu, kumbe ni kamba.

Hatua ya 4: Baiskeli

Huhitaji baiskeli ya bei kubwa. Unahitaji inayosimama unapobana breki na isiyokatika cheni. Jioni ya kuamkia safari, bana breki zote mbili uisukume mbele: isipotulia, kaza waya. Pangusa cheni kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta kwa kila kiungo, kisha pangusa tena, kwani mafuta yanayobaki nje hukusanya mchanga tu. Kiti kiwe juu kiasi kwamba ukiweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa, goti linyooke. Kiti cha chini ndicho chanzo cha maumivu mengi ya magoti yanayosingiziwa umri.

Upepo: tairi pana za njia ya udongo psi (kipimo cha upepo kwenye pampu) 30 hadi 40, tairi nyembamba za lami 70 hadi 90. Ukipungua mno, tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu, na utakuta matundu mawili yanayotazamana.

Beba tyubu moja inayolingana na tairi lako, pampu inayoingia kwenye valvu yako (kuna nyembamba, na kuna nene kama ya gari), vibao vya plastiki vya kubandulia tairi, viraka na solusheni. Jifunze kuziba pancha nyumbani, si mbele ya watu ishirini wanaosubiri:

1. Toa gurudumu, bandua upande mmoja wa tairi kwa vibao. Usitumie bisibisi, itatoboa tena.
2. Jaza tyubu upepo, ipitishe taratibu karibu na shavu hadi uhisi hewa. Tia alama.
3. Pitisha vidole ndani ya tairi, polepole, ukitafuta mwiba. Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo sababu pancha hurudi baada ya mita mia mbili. Mwiba wa mgunga huvunjikia ndani ya mpira, na kwa nje hauonekani.
4. Piga msasa eneo kubwa kuliko kiraka hadi mng'aro uishe.
5. Paka solusheni nyembamba, kisha subiri. Dakika tano hivi, hadi ukingo wake usishike kidole. Ikiwa mbichi, kiraka huteleza na kuvuja pembeni.
6. Bandika, bonyeza kwa nguvu kuanzia katikati kwenda nje.
7. Tia upepo kidogo tyubu ishike umbo, irudishe, malizia tairi kwa vidole gumba upande wa valvu. Angalia pande zote kama tyubu haikubanwa, ndipo upige pampu.

Mkiwa safarini badilisha tyubu tu, iliyotoboka utaiziba nyumbani.

Hatua ya 5: Ndani ya kundi, barabarani

Kaa nyuma safari ya kwanza. Acha nafasi ya baiskeli moja kati yako na wa mbele. Watakaokuzoea utawasogelea baadaye. Ukikaa nyuma ya mtu kwenye tambarare, anakukinga upepo na unaweza kuokoa robo ya nguvu, lakini gurudumu lako la mbele lisipite kando ya gurudumu lake la nyuma. Akikwepa shimo ghafla, yeye atabaki juu na wewe ndiye utakayeanguka.

Semeni kwa sauti: "Shimo!", "Gari nyuma!", "Tunasimama!" Anayesikia arudie hadi mwisho wa mstari. Usibane breki ghafla, usivae spika masikioni, na kwenye barabara kuu mfuatane mmoja mmoja upande wa kushoto. Matatu itaingia kando bila taa. Ukiona abiria mlangoni ameshaning'inia, punguza mwendo sasa hivi.

Hatua ya 6: Ndani ya kundi, mlimani

Anza polepole kuliko unavyotaka. Dakika ishirini za kwanza ndizo zinazowamaliza wageni, kwa sababu kila mtu bado ana hamu ya kuongea na kukimbizana.

Kuna dhuluma moja isiyokusudiwa: wa mbele hufika makutano, hupumzika dakika kumi, na wa mwisho akitokea tu, wote wanasimama na kuondoka. Aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kabisa. Mwambie kiongozi mapema, "Tukifika, nipeni dakika tano." Kiongozi mzuri hatahitaji kuambiwa.

Ukienda kujisaidia, acha mfuko wako kando ya njia. Mtu wa nyuma akiuona atajua uko pale na atasubiri. Ngong, usijitenge na kundi wala na askari wanaosindikiza, hata kwa picha. Ngurumo zikianza mkiwa kwenye kilele kitupu, shukeni. Picha si kitu.

Kushuka, piga hatua fupi, magoti yalegee kidogo. Maumivu ya goti siku ya pili kwa kawaida hutokana na hatua ndefu za kushuka.

Hatua ya 7: Rudi kwa watu walewale

Urafiki haupatikani kwa kuruka kundi hadi kundi kila wiki. Chagua moja, nenda mara tatu ndani ya wiki sita: Karura, kisha Ngong (kuvuka vilima vyote hadi Kona Baridi ni kama kilomita 10), halafu Longonot. Elephant Hill kule Aberdare, juu ya mita 3,500, isubiri. Hewa ni nyepesi, na kichwa kikianza kuuma huku ukitapika, dawa ni kushuka.

Safari ya nne, omba kukaa nyuma kabisa pamoja na yule wa kufunga msafara. Huko ndiko mazungumzo yalipo, maana anayetembea polepole ana pumzi ya kuongea. Mbebee pampu au bandeji, na umsaidie kuhesabu watu kabla gari halijaondoka.