Jinsi ya kutumia nguruwe kwenye methali na mzaha, na mkuki uanze kwako wewe

Hapa Mombasa neno nguruwe si neno la kurusha ovyo, hilo kila mtu alizaliwa akalikuta. Kuna nyumba huku Old Town ukilitaja watu wakiwa wamekaa chakulani utaangaliwa mpaka uone haya, alafu ukivuka daraja la Makupa ukaenda zako Changamwe au Mikindani utakuta jirani wa bara yuala nyama yake Jumapili bila wasiwasi, na pembeni yake yuko Msabato ambaye ni Mkristo vilevile na hagusi, na wote hao watatu mko nao kwa grupu moja la WhatsApp la ploti. Sasa hapo ndipo mtu anatuma stika ya nguruwe amevaa miwani, au anamwambia mwenzake "wacha unguruwe", na grupu lote linanyamaza.

Mimi siko upande wa wale wanaosema basi tusimtaje kabisa. Huyu mnyama amejaa kwenye methali zetu, kwenye vitabu vya dini, kwenye siasa za nchi hii, na naamini kabisa ndiye mnyama bora wa mtu kujipimia nafsi yake, kushinda hata simba na sungura wa hadithi. Lakini anatumika kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe nauandika hapa vile ninavyouelewa.

Anza na methali iliyo yetu wenyewe. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Watu wengi wanaitumia kama kisasi, mtu alikucheka ulipofutwa kazi, sasa yeye kafutwa, wewe unakimbilia kumuandikia hiyo. Hapo umeipindua. Fikiria methali ilikotoka, ni maneno ya wakulima na wasasi. Ukienda Kwale kule pembeni ya Shimba Hills mpaka leo nguruwe mwitu wanaingia mashambani usiku, wanafukua mihogo, wanaangusha mahindi, na mwenye shamba hata kama nyama yake hali na hataki kuiona, mkuki atamrushia tu, na yule mnyama akilia hakuna anayeuliza ameumia wapi. Methali inamtazama nani hapo? Yamtazama aliyeshika mkuki. Yasema maumivu ya yule wa upande wa pili hujawahi kuyahesabu mpaka chuma kikageuka.

Kwa hivyo njia ya kuitumia ni hii. Kabla hujatuma mzaha wowote unaomfananisha mtu na nguruwe, mzaha wa kula, wa uchafu, wa unene, wa tamaa, toa jina lake weka lako, au bora zaidi weka jina la mamako, alafu usome kwa sauti. Si kimoyomoyo, kwa sauti. "Mama fulani anakula kama nguruwe" ukiwa unamsema mama anayekaanga viazi karai pale stejini inakuja rahisi sana mdomoni, jaribu sasa na la mamako uone kama ulimi utafika mwisho wa sentensi. Ukikwama, futa. Ukiweza kuisoma mpaka mwisho na bado ukacheka, basi labda ni mzaha kweli, mtumie yule mwenye kuzoeana na wewe, tena peke yake.

Jambo la pili, mjue mnyama mwenyewe, manake ukimsingizia mzaha wako unakuwa uongo na kujipima kwako kunakuwa bure. Watu wanasema nguruwe ni mchafu kwa sababu anagaagaa kwenye tope. Nguruwe hana njia ya maana ya kutoa jasho kama sisi, tezi zake za jasho hazifanyi kazi ya kumpoza, kwa hivyo joto likizidi anatafuta maji na tope ajipoze, na lile tope likimkaukia linamkinga jua na wadudu. Ukimpa nafasi ya kutosha hata choo chake anaenda mbali na mahali anapolala. Ile banda chafu unayoiona ni mtu aliijenga, tena akaibana.

Na hapa nataka nikae kidogo manake hapa ndipo pana faida kubwa. Kwenye Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 2 aya ya 22, kuna ile methali ya nguruwe aliyeoshwa aliyerudi kugaagaa matopeni. Inatumiwa sana, mtu ameacha muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, wiki mbili akarudi, ameacha kamari akarudi, ametoka kwenye uhusiano wa kumpiga akarudi, basi watu washaitoa. Na imekaa sawa kama unajiambia wewe mwenyewe. Lakini ukishajua kuhusu jasho, jiulize swali lililo mbele ya tope: joto langu ni gani? Nguruwe harudi matopeni kwa ujinga, anarudi kwa sababu anaungua na hana pengine pa kupoa. Wewe unarudi kwa kile ulichoapa kukiacha saa ngapi, ukiwa na nani, baada ya kupigiwa simu gani? Chukua karatasi uandike, usiandike dhambi, andika joto. Ni upweke wa jioni? Ni deni la duka? Ni wale marafiki wa baraza moja tu? Ukilipata joto tafuta maji masafi ya kupozea, manake tope lenyewe hata ulilaani mwaka mzima halitakauka.

Alafu nasema hili kwa uchungu kabisa, hiyo methali usimwambie kijana aliyetoka kwenye unga, yaani heroini, akateleza. Mombasa tunawajua hawa vijana, ni watoto wetu, wengine wako kwenye methadone, dawa ya hospitali ya kuwasaidia kuacha unga, wanajitahidi siku kwa siku. Uraibu ni ugonjwa na kuteleza ni kitu ambacho madaktari wenyewe wanakitarajia kwenye safari ya kupona. Ukimwita nguruwe aliyeoshwa umemfungia mlango wa bafu.

Kuna jingine la kumjua, la kioo. Mwaka 2009 Donald Broom na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza walichapisha utafiti wao, waliwapa nguruwe wadogo kioo wakae nacho saa tano hivi, wakizoee, alafu wakaficha bakuli la chakula nyuma ya kizuizi mahali ambapo lingeonekana kwa kioo tu. Nguruwe 7 kati ya 8 walitazama kioo, wakageuka, wakazunguka kizuizi wakaenda moja kwa moja kwenye bakuli, kwa wastani wa sekunde 23. Ambao hawajawahi kuona kioo wao walikwenda kutafuta nyuma ya kioo. Ni akili hiyo, tena kubwa. Lakini angalia wametumia kioo kwa kazi gani, kutafuta chakula. Haimaanishi kwamba wamejitambua sura zao. Sasa hilo ndilo swali la pili la kujiuliza, unapojitazama, iwe kwenye kioo cha kabati au kwenye selfi au kwenye dua ya usiku, wajitazama wewe au watafuta bakuli lililo nyuma yako? Mtu anaweza kukaa saa nzima akisema anajitafakari kumbe anapanga tu vile atakavyompiku mwenzake kesho. Ukishika hilo swali, hata kama hutaki, utajiona.

Hizi za Biblia zingine nazipitia haraka. Lulu mbele ya nguruwe, Mathayo 7:6, kila mtu aliyetoa ushauri usisikizwe anaikimbilia. Kabla hujaitoa hakikisha kwanza ulichotupa kilikuwa lulu. Pete ya dhahabu puani mwa nguruwe, Mithali 11:22, inazungumzia mwanamke mzuri asiye na akili na wanaume wameifanya rungu la kupigia wanawake, mimi naishauri iwe ya kila mtu, jiulize dhahabu yako ni ipi, cheo, simu ya bei, gari, shahada, na je ukiivua pua inabaki vipi. Na ile ya mwana mpotevu, Luka 15, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Kijana wa Kiyahudi, dini yake imekataza nguruwe tangu Walawi 11, anaishia kuwalisha nguruwe wa watu na anatamani maganda wanayokula wao. Na ni pale pale kati ya nguruwe ndipo moyo wake unapozinduka akasema atarudi kwa babake. Akiwa mezani na marafiki zake hakuzinduka. Kwa hivyo ukiwa umefika mahali pa aibu usipoteze muda kuificha aibu, tumia hiyo nafasi kuhesabu, wenzako wanaokula nyumbani kwa babako ni wangapi na wewe uko hapa unafanya nini.

Kwa Waislamu wenzangu, nyama yake imeharamishwa wazi, Al-Baqara aya ya 173, hakuna mjadala. Lakini kuharamishwa nyama si ruhusa ya kumgeuza binadamu mwenzio tusi, wala ya kumtesa mnyama. Na anayedhani hakuna cha chini kuliko huyu mnyama akumbuke tarehe 7 Januari 2022 kule Maryland, Marekani, David Bennett aliwekewa moyo wa nguruwe aliyebadilishwa jeni, ukampigia kama miezi miwili.

Sasa siasa, manake uchaguzi ukikaribia stika zinaongezeka. Mwezi Mei 2013 wanaharakati wakiongozwa na Boniface Mwangi walipeleka nguruwe na vitoto vyao mpaka nje ya Bunge Nairobi, na damu ikamwagwa, kwa sababu wabunge walikuwa wanataka mshahara wao upandishwe kutoka kama shilingi 532,000 kwa mwezi hadi 851,000. Jina la MPigs, yaani MP, mbunge, limeunganishwa na pigs, nguruwe kwa Kizungu, likawakaa mpaka leo. Binafsi sikupenda wale wanyama kuburutwa kwenye lami na fujo ile, lakini kama mzaha ulikuwa umelenga, na ukitaka kujifunza kulenga angalia hapo: ulisema tamaa, tabia ambayo mtu akitaka anaiacha, na uliwaelekea wenye nguvu. Haukusema kabila, haukusema dini, haukusema umbo la mtu. Ukivuka huo mstari tu, ukasema watu wa sehemu fulani wote ni nguruwe, hapo si utani tena, Rwanda mwaka 1994 watu walikuwa washaitwa mende kwa muda mrefu kabla ya kuuawa. Na hata ule wa wabunge ukiutuma malizia na swali lako, mimi siku ya kampeni nilipokea leso na mia mbili nikapiga vigelegele au vipi?

Kuna methali ya kizungu inazunguka sana mitandaoni, usipigane mieleka na nguruwe, nyote mtachafuka na yeye ndiyo starehe yake. Yafaa kwa kukutoa kwenye mabishano ya saa sita usiku, hilo silikatai. Shida yake ni kwamba kila anayeisema ashajipa nafasi ya binadamu, nimeona watu wawili wanatupiana hiyo hiyo kwa posti moja, kila mmoja amemaanisha mwenzake. Dawa ni kuitumia kimyakimya, usiiandike. Jiambie mwenyewe, zima data, lala. Na asubuhi usome ulichoandika kabla ya kusoma alichoandika yeye, uangalie tope lilianzia kwa nani.

Na wewe ukiitwa nguruwe? Usirudishe hapo hapo. Pokea, toka kwenye lile grupu kwa muda, alafu muulize aliyekuita kwa simu, si mbele ya watu, ni kitendo gani kimemfanya aseme hivyo. Mara nyingi kuna kitendo. Ulichukua sehemu kubwa ya pesa ya chama, uliacha choo cha ploti kichafu, ulikula karamuni wageni hawajakula. Kama kipo kitengeneze. Kama hakipo mwambie hakipo, na umwambie neno limekuumiza, manake ukicheka utakuwa umempa ruhusa ya kumwambia mwingine.

Ikiwa wewe ndiye uliyemchoma mtu, stika ya mikono miwili haitoshi. Nenda mwenyewe. Kama ni wa rika lako mpigie hodi tu, kama ni mtu mzima nenda na mmoja anayeheshimiwa pande zote, baada ya Asri kabla watu hawajajaa barazani, umwamkie vizuri, shikamoo yake umpe, na useme neno lenyewe ulilosema bila kulizungukazunguka ndipo uombe radhi. Alafu rudi kwa lile grupu mlikokuwa wote, uandike kwamba umeomba radhi, manake waliosoma tusi ndio hao hao inafaa wasome na radhi.