Kabla hujaanza dawa ya uvimbe wa retina, soma hii kwanza

Ndugu zangu wa Mbeya, Rungwe na Kyela ambao kwenye ukoo kuna retinaitisi pigmentosa, ule ugonjwa wa kurithi unaoanza na kutoona usiku halafu pembeni panaziba taratibu hadi mtu anabaki anaona mbele tu kama anachungulia kwenye bomba, ikifika hata mbele panakuwa na ukungu, meseji hazisomeki, msikate tamaa kwamba ndo basi. Mara nyingine ni maji yamejaa katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na huo uvimbe una dawa. Ugonjwa wenyewe hauponi kwa dawa hizo ila uvimbe ukishuka wengine wanapata nafuu ya kuona.

Kwanza upigwe picha ya OCT, yaani picha ya mwanga inayoonyesha tabaka za retina. Haiumi, unaweka kidevu kwenye mashine unakodolea taa ndogo basi, na ndo inaonyesha yale maji yalivyokaa. Bila picha ya mwanzo baadaye mtajuaje kama dawa imesaidia? Piga simu hospitali kabla uulize kama mashine ipo na inafanya kazi siku hiyo, nauli ya kutoka Kyela sio ya kuchezea. Na nenda na mtu, ukiwekewa matone ya kutanua mboni unaona ukungu masaa kadhaa na jua linachoma macho, kuvuka barabara pale Uyole na yale malori ukiwa peke yako, hapana jamani. Mrudi kabla ya giza.

La salfa ndo nalisisitiza sana. Dawa zenyewe za huo uvimbe, vidonge vya asetazolamaidi, ni jamii ya salfa, na matone ya macho ya dozolamaidi vilevile, kwa hiyo kama uliwahi kumeza Septrin au SP ya malaria ukatoka vipele au midomo ikavimba, mwambie daktari kabla hajaandika, yeye ndo aamue. Taja pia figo, ini, selimundu, mimba, na dawa zote unazotumia hata zile za mitishamba.

Ukianza vidonge unaweza kusikia ganzi na vichomi kwenye vidole na midomo, mkojo wa mara kwa mara, mwili kuchoka, hata soda inakosa ladha. Wengi hapo wanaacha kimyakimya. Usiache, mpigie daktari, anaweza kupunguza dozi au kukuhamishia kwenye matone, na uulize lini upimwe damu maana madini ya potasiamu kwenye damu yanaweza kushuka. Uvimbe nao unaweza kurudi hata ukiwa bado kwenye dawa, kwa hiyo tarehe ya picha inayofuata iandikwe kabisa kwenye kadi kabla hujatoka pale.