Vitone vya altrasaundi: anza na vile vikubwa

Wanaokuja kujifunza maabarani kwetu hunionyesha wastani wa ukubwa wa vitone walivyotengeneza. Nanomita 220, nanomita 250, na nyuso zimewachanua. Mimi huwauliza habari za vile vikubwa, kwa sababu vikubwa vichache vikiponyoka, mgonjwa ndiye atakayeumia.

Kitone hiki, kinachodungwa kwenye damu, ni kimiminika, mathalani kemikali iitwayo perfluoropentani, kilichofunikwa utando mwembamba wa lipidi, yaani mafuta. Perfluoropentani huchemka kwenye nyuzi 29, chini ya joto la mwili. Hata hivyo, ndani ya kitone kidogo haichemki, maana mvutano wa uso unaibana. Wimbi la altrasaundi likishusha shinikizo ghafla, kitone hugeuka kiputo cha gesi chenye kipenyo cha karibu mara 5 ya mwanzo. Kiputo hicho ndicho kinachong'aa kwenye skrini, na ndicho kinachosaidia kupenyeza dawa.

Sasa piga hesabu. Kitone cha nanomita 200 huzaa kiputo cha mikromita 1 (nanomita 1,000), nacho hupita bila shida. Kitone cha mikromita 2 huzaa cha mikromita 10, kipana kuliko kapilari nyingi, ile mishipa ya damu midogo kabisa. Tena kitone hicho kimoja kimebeba kimiminika sawa na vitone 1,000 vya nanomita 200. Wapo wanaotaka kuziba mishipa inayolisha uvimbe. Kripfgans na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliliandika hilo mwaka 2000. Lakini aliyekusudia picha asizibe mshipa wa mtu.

Kwa hiyo, poza kila kitu kwanza: chupa, maji ya lipidi, mabomba ya sindano. Tikisa mchanganyiko kwa fimbo ya mawimbi ya sauti, chupa ikiwa ndani ya barafu, kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Ukiendelea mfululizo joto litapanda, na perfluoropentani itaondoka kama gesi huku umesimama pale.

Kisha sukuma mchanganyiko kupitia utando wenye matundu, bomba la kioo upande huu na jingine upande wa pili. Anza na matundu ya mikromita 1, shuka hadi nanomita 400, halafu 200. Aliyezoea kutengeneza liposomu, vile vifuko vidogo vya lipidi, hupasha moto kifaa hiki, hapa usipashe. Idadi ya misukumo iwe witiri, 11 kwa mfano, ili mchanganyiko uishie kwenye bomba la pili. Lile la kwanza lina mabaki ambayo hayajapita kwenye utando, na hayo ndiyo yenye vikubwa. Mkono ukihisi wepesi wa ghafla, utando umepasuka: badilisha, rudia.

Baada ya hapo ingiza kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha chupa ili vizito vizame. Kimiminika hiki kina uzito wa karibu mara 1.6 ya maji, hivyo vikubwa hutangulia kuzama. Zungusha taratibu, chota cha juu, acha kilichotuama. Kisha zungusha kwa kasi uvune vidogo na kumwaga lipidi iliyobaki. Kwangu hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wenye haraka.

Ukipima, usitegemee mashine ya mtawanyiko wa leza peke yake. Inafaa kwa vidogo, lakini vya mikromita kadhaa huzama wakati inasoma. Weka tone chini ya hadubini, pitisha macho pembe zote za kioo, na kama kipo kihesabu chembe, kitumie pia.

Ila usikimbilie udogo kupita kiasi. Kitone kikizidi kuwa kidogo hubanwa zaidi na kudai wimbi kali zaidi, na mashine za picha nchini Marekani zina kikomo cha 1.9 cha fahirisi ya mekanika, yaani kipimo cha ukali wa wimbi mwilini. Ukitaka kidogo kinachoitika kwa wimbi la wastani, badili kimiminika: tengeneza viputo vya gesi ya perfluorobutani, inayochemka kwenye nyuzi -2, uvipoze chini ya hapo na kuvikandamiza kwa bomba hadi weupe mzito uanze kupenya mwanga. Hapo ukubwa wa kitone huamuliwa na kiputo ulichoanza nacho, basi chuja viputo kwanza.

Hifadhi kwenye baridi, andika saa kwenye chupa, na upime upya kabla ya kila matumizi. Vikubwa huendelea kukua kwa kunyonya kimiminika cha vidogo, hata chupa ikiwa imetulia ndani ya friji.