Somo: Kukagua Honda ST1100 kuukuu kabla hujatoa hela

Wenzangu mlioko Uingereza mmekuwa mkiuliza pikipiki gani ya safari ndefu mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuimudu, impeleke kazini Jumatatu na Jumamosi imbebe yeye, mkewe na mizigo. Jibu langu ni lilelile: Honda ST1100, wanayoiita Pan-European. Ilitengenezwa hadi 2002. Ina injini ya V4 (silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V) ya cc 1084, shafti badala ya mnyororo, na tangi la lita 28. Polisi wa hapa waliitumia miaka mingi, na polisi hawabembelezi pikipiki.

Kwa hiyo maili zisikutishe. Kinachoimaliza ni chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi, halafu kulala gereji miaka bila kuwashwa. Mtu wa pwani anajua chumvi inavyokula bati. Kagua ukiwa na hilo kichwani.

Hatua ya 1: kabla hujatoka nyumbani. Omba namba ya usajili, ingia tovuti ya serikali, usome historia ya MOT, yaani ule ukaguzi wa usalama wa kila mwaka. Ni bure. Utaona maili za kila mwaka na kasoro zilizoandikwa. Ukikuta miaka mitatu maili hazijasogea, hiyo ilikuwa imelala. Ukifika, linganisha namba ya chasisi na ile ya V5C, hati ya usajili.

Hatua ya 2: injini baridi. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike, kisha gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna kitu alitaka usikione. Ikiwa baridi, iwashe kwa choki (kile kiwiko cha kuwashia injini baridi) na usikilize. Ina kabureta nne, na petroli iliyolala muda mrefu huacha gundi inayoziba jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli. Injini ikikohoa hata baada ya kupata moto, hesabu gharama ya kuzisafisha, maana kuzifikia tu ni kazi. Angalia pia alama za maji ya radieta yaliyokaukia katikati ya V. Mipira ya maji inapita humo, chini ya kabureta.

Hatua ya 3, na hapa msiwe na haraka: lala chini. Ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma huoza kuanzia ndani, nje rangi ikiwa bado inang'aa. Tochi haitoshi. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi, hasa upande wa chini na kwenye maungio. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu au kinabonyea. Ya kwanza niliyonunua mimi niliipendea rangi, nyekundu iliyoiva. Miezi minne baadaye fundi akaupitisha mkono ule bisibisi kama papai.

Ukiwa hukohuko chini, tazama ekzosi na kalipa ya breki ya nyuma, ile inayobana diski. Zungusha gurudumu kwa mkono, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa. Likigoma, kalipa imekwama.

Hatua ya 4: umeme. Beba mita ya volti. Kwenye betri, injini imezimwa, utarajie kama 12.6. Injini ikizunguka kwa kasi ya kati, taa zikiwaka, iwe kati ya 13.5 na 14.5. Pima tena ikishapata moto. Za zamani zina altaneta (mtambo unaochaji betri) ya ampea 28, na kuanzia 1996 wakaweka ya ampea 40. Ukipata nafasi ya kuchagua, chukua ya pili. Altaneta iko nyuma ya injini na kuitoa ni kazi ya siku.

Hatua ya 5: shafti. Uliza lini meno yake yalipakwa grisi. Hupakwa kila gurudumu la nyuma linapotolewa, hivyo mtu aliyebadilisha tairi karibuni anapaswa kuwa na jibu. Akikutolea macho, umejibiwa.

Hatua ya 6: iendeshe. Beringi za shingo zikiwa zimekwisha, usukani unashika katikati kama una kijishimo. Yenye ABS (breki zisizoacha gurudumu lijifunge), taa ya ABS iwake ukifungua swichi na izime ukishaanza kutembea.

MASWALI

Kutoka Leicester: Kaka, nimepata moja ina maili 90,000, bei nzuri. Niikimbie?
Usiikimbie. Uliza kama mkanda wa taimingi umebadilishwa na vali zimepimwa, uone risiti. Hakuna risiti, hesabu kazi hizo hazijafanyika na utoe gharama yake kwenye bei.

Kutoka Reading: Nina futi tano na inchi mbili. Nitaiweza?
Dada, kiti kina kama sentimita 80, lakini shida ni uzito: ikiwa na mafuta inapita kilo 300. Tangi liko chini, hivyo ikitembea huuhisi. Kabla ya kuiendesha, ijaribu kuisukuma kinyumenyume kwenye maegesho. Ikikushinda hapo, tafuta Deauville. Nayo ni Honda ya shafti, ila ni nyepesi zaidi.

Kutoka Luton: Nina CBT tu, naruhusiwa?
Hapana. CBT ni mafunzo ya mwanzo tu, mwisho wake cc 125.

Kutoka Mombasa: Shemeji yuko huko, nataka aninunulie anitumie.
Kodi, na kama pikipiki ya umri huo inaruhusiwa kuingia, muulize wakala wako wa bandari kwanza. Mimi nakuambia tairi: mbele 110/80-18, nyuma 160/70-17. Si saizi za bodaboda, hivyo mwambie shemeji afunge seti mpya kabla ya kuipakia, na asome zile tarakimu nne ubavuni, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Nimeona watu wakiuziwa tairi "mpya" zenye miaka tisa.