Namna ya Kufundisha Jinsi Waaustralia Walivyoachana na Uingereza Bila Kuagana

Mwalimu wa historia hapa Lubumbashi anayetaka kufundisha uhusiano wa Waaustralia na Waingereza aanze na swali moja ubaoni, kabla hajataja mfalme wala meli: Australia ilipata uhuru tarehe gani? Wanafunzi wetu wamelelewa katika nchi ambayo hata mtoto mdogo anaijua tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wa Kongo, kwa hiyo watajibu haraka, na kila mmoja atakuja na mwaka wake. Andika majibu yote bila kufuta hata moja. Kwa miaka ambayo nimelifundisha somo hili katika madarasa ya juu ya sekondari nimeona kwamba ukimya unaofuata, pale wanapoambiwa kuwa hakuna tarehe moja iliyo sahihi, unawafungua masikio kuliko maelezo yoyote ya mwalimu.

Andaa vipindi viwili, chaki za rangi, na vipande vinne vya kitenge vyenye rangi tofauti, kila kimoja kikiwa na urefu wa mkono. Fundi cherehani yeyote atakupa mabaki bila malipo. Visuke viwe kamba moja nene kabla ya kuingia darasani. Kipande cha kwanza kitakuwa damu, yaani udugu, cha pili vita, cha tatu biashara, na cha nne sheria.

Kisha chora bendera ya Australia, na uichore kubwa. Juu kwenye kona, upande wa mlingoti, kuna bendera nzima ya Uingereza. Chini yake kuna nyota kubwa yenye ncha saba. Na upande wa pili zimo nyota tano za kundi liitwalo Msalaba wa Kusini. Waambie wanafunzi watoke nje jioni ya mwezi wa sita, wakati wa kiangazi, anga la Katanga likiwa safi, wazitafute nyota hizo upande wa kusini, kwa maana ni zilezile. Mwanafunzi aliyeziona kwa macho yake haoni tena Australia kama nchi ya kitabuni tu, na ataelewa upesi kwa nini watu waishio chini ya nyota hizo walianza kujiuliza kona ile ya bendera inafanya nini pale.

Sasa inakuja sehemu ambayo sikushauri uiharakishe, hata kama itakula nusu ya kipindi cha kwanza. Wanafunzi wetu wakisikia neno koloni huweka moja kwa moja Waaustralia mahali pa Wakongo na Waingereza mahali pa Wabelgiji. Mlinganisho huo ni wa makosa, na usiposahihishwa mapema utaharibu somo zima. Waliofika Sydney tarehe 26 Januari 1788 kwa meli kumi na moja chini ya Arthur Phillip walikuwa Waingereza wenyewe, wengi wao wafungwa, ambao serikali yao haikuwa tena na mahali pa kuwapeleka baada ya kupoteza makoloni ya Amerika. Hadi mwaka 1868 wafungwa wapatao 160,000 walikuwa wamepelekwa huko. Waaustralia waliokuja kubishana na London walikuwa basi watoto na wajukuu wa Waingereza, na wengi wao waliendelea kuiita Uingereza nyumbani hata kama hawakuwahi kuikanyaga. Sisi tuliwaita Wabelgiji noko, yaani mjomba. Wao waliiita Uingereza mama. Andika maneno hayo mawili ubaoni na uwaache wanafunzi waeleze wenyewe tofauti yake, kwa sababu katika familia zetu kila mtu anajua kwamba mtu haondoki kwa mama kama anavyoondoka kwa mjomba.

Waliotawaliwa kwa maana tunayoijua sisi ni wenyeji wa asili, Waaborijini na watu wa visiwa vya mlango wa bahari wa Torres, ambao wazee wao waliishi katika bara lile kwa zaidi ya miaka 50,000. Sheria ya wageni ilichukulia ardhi yao kana kwamba haikuwa na mwenyewe, na ilipaswa kungojwa hadi mwaka 1992 ndipo Mahakama Kuu ya Australia, katika kesi iliyobeba jina la Eddie Mabo, ikaikataa dhana hiyo. Mwanafunzi akikumbuka jambo moja tu kutoka kipindi hiki, namwombea liwe hili: ugomvi wa mama na mtoto ulifanyika ndani ya nyumba ya mtu mwingine.

Kipindi cha pili, waite wanafunzi wawili washike kamba kila mmoja upande wake, na mwingine ashike mkasi. Anza na vita, kwa sababu hapo darasa linatulia lenyewe. Mwaka 1914 Uingereza ilipoingia vitani, Australia nayo ilihesabiwa kuwa imeingia. Nchi yenye watu wasiofika milioni tano iliandikisha askari zaidi ya 400,000, wote wa kujitolea, kwa kuwa wananchi walikataa mara mbili kwa kura, mwaka 1916 na 1917, vijana kupelekwa ng'ambo kwa lazima. Karibu 60,000 walikufa, na tarehe 25 Aprili, siku waliyotua Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915, huadhimishwa hadi leo kabla jua halijachomoza. Hapa wakumbushe wanafunzi askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji katika Kongo, walioingia Tabora mwaka 1916, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo yao, ambao hakuna aliyewauliza kwa kura wala kwa neno. Damu iliyomwagika Gallipoli ilikaza uzi wa vita, na wakati huohuo iliwafanya Waaustralia wajione kuwa watu wao wenyewe.

Uzi wa vita ulikatika katika vita vilivyofuata. Waaustralia walikuwa wameambiwa kwamba ngome ya Uingereza kule Singapore ingewalinda. Mwishoni mwa Desemba 1941 waziri mkuu John Curtin aliandika wazi gazetini kwamba nchi yake sasa inaitazama Marekani. Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ikaanguka, Waaustralia wapatao 15,000 wakawa mateka, na siku nne baadaye ndege za Japani zikaushambulia mji wa Darwin. Mpe mwenye mkasi ishara akate kipande cha vita, lakini asikimalize, maana Australia na Uingereza ni washirika wa kijeshi hadi leo.

Damu na biashara unaweza kuzipitia kwa haraka zaidi. Kuanzia mwaka 1947 Mwingereza mtu mzima aliyekubali kuhamia Australia alilipa pauni 10 tu za nauli, kwa sharti la kukaa angalau miaka miwili, na zaidi ya milioni moja walihama hivyo. Lakini Waitaliano na Wagiriki walikuja pia, na baada ya siasa ya kuwazuia wasio weupe kufutwa kabisa mwaka 1973, walikuja watu wa Asia. Uraia wa Australia wenyewe ulianza tarehe 26 Januari 1949; kabla ya hapo Mwaustralia alikuwa kisheria raia wa mfalme wa Uingereza na si kingine. Upande wa biashara, sufu, ngano na siagi viliizoea njia ya London mpaka Uingereza ilipojiunga na soko la pamoja la Ulaya tarehe 1 Januari 1973, na wakulima wengi wakajiona wametupwa, ingawa Japani ilikuwa tayari mteja mkubwa kuliko Uingereza. Mfano ni rahisi kwetu: zamani shaba ya Katanga ilikwenda kusafishwa Ubelgiji, na leo malori yanayopanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yamebeba mzigo ambao sehemu kubwa yake huishia China.

Kama muda upo, taja pia mabomu ya atomu ambayo Uingereza iliyajaribu Australia kati ya mwaka 1952 na 1957, mengi yake Maralinga, katika ardhi ya wenyeji wa asili. Mimi sipendi kuruka sehemu hii. Watoto waliozaliwa karibu na Shinkolobwe, ambako sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya mwaka 1945 ilichimbwa, wana haki ya kujua kwamba jangwa moja la mbali lilichafuliwa na silaha za namna ileile.

Uzi wa sheria uwe wa mwisho, na ukatwe taratibu, mkato mmoja kwa kila tarehe. Tarehe 1 Januari 1901 makoloni sita yaliungana kuwa nchi moja, lakini katiba yake ilikuwa sheria ya Bunge la Uingereza. Mwaka 1931 London ilitoa sheria ya kuyaachia mabunge ya nchi kama Australia mamlaka kamili, ila bunge la Australia halikuipokea hadi mwaka 1942. Mwaka 1975 gavana mkuu, mwakilishi wa malkia, alimfukuza waziri mkuu Gough Whitlam, na hasira iliyofuata iliwafanya wengi waulize nchi ni ya nani. Tarehe 3 Machi 1986 zilianza kutumika sheria zilizoliondolea Bunge la Uingereza uwezo wowote wa kuitungia Australia sheria, na kufunga njia ya mwisho ya kukata rufaa London. Bado kipande hakijakatika. Mwaka 1999 wananchi waliulizwa kama wanataka jamhuri, na karibu asilimia 55 walisema hapana, kwa hiyo Charles wa Tatu ni mfalme wa Australia pia. Acha nyuzi chache za kitenge zining'inie, na uwaonyeshe wanafunzi wakizivuta kwa vidole kwamba zinashika.

Kwa mtihani, rudisha swali lilelile la tarehe ya uhuru. Anayeandika mwaka 1901, 1942 au 1986 pekee yake apewe nusu ya alama; anayechagua mwaka mmoja, akautetea kwa sababu, na akaeleza kwa nini mwenzake anaweza kuchagua mwingine, apewe alama zote; na anayewataja wenyeji wa asili bila kuulizwa, mwongezee mbili.